Redio Ilifika Kabla ya Mfereji

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya ile mada ya hifadhidata, na itakuja, lakini leo mnivumilie kidogo. Nataka kuandika kuhusu redio kaseti. Ndiyo, redio kaseti. Wadogo zangu mliozaliwa mkakuta simu nyumbani, waulizeni wazazi.

Yenyewe iko hapa mezani Lodwar, kando ya kompyuta. Rangi yake ya fedha imechubuka, na mkono wa kubebea umefungwa kwa waya. Mbele imeandikwa National Panasonic. Namba ya modeli imefutika, zimebaki herufi mbili tu, RX. Mjomba wangu aliinunua Kitale, tena si mpya, alipopata kazi ya karani wa ghala kule Kakuma. Kambi ya Kakuma ilianza 1992, wakati maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Ethiopia walipoingia Kenya, na vijana wetu waliojua kusoma na kuhesabu wakapata ajira huko. Mjomba akahamia Kakuma, redio akaiacha Kanamkemer kwa mama yake, yaani ata wangu. (Ata ni nyanya kwa Kiturkana.) Mimi nililelewa na ata.

Aliiacha kwa sababu. Ata hakujua kusoma wala kuandika, na simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Basi wakawa wanaandikiana barua za sauti. Ata anaongea kwenye kaseti, dereva wa lori anaibeba hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Mjomba anaisikiliza kwa redio ya mzee mmoja Msomali mwenye duka, anajibu, kaseti inarudi. Hawakuwa peke yao. Wakimbizi wenyewe, Wasudani na Wasomali, walitumiana barua za namna hiyo kwa miaka mingi, hadi kwa ndugu zao waliohamishiwa Marekani na Australia. Kaseti haimuulizi mtu kama amesoma.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma. Kaseti ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya dakika 60, thelathini kila upande. Upande wa B mjomba alikuwa amerekodi nyimbo za Franco kutoka redioni, na alituonya tusiziguse. Upande wa A ndio uliokuwa barua, na kila jibu lilirekodiwa juu ya barua iliyotangulia. Aliyekuwa akibonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, kile chekundu na kile cha kuchezea, ni mimi, mtoto wa miaka kumi. Ata alikuwa akisema vidole vyake ni vya kukamua mbuzi, si vya mashine.

Ata alifariki 2004. Picha yake tunayo moja, naye ameangalia pembeni. Sauti yake niliamini haipo. Franco yupo, jamani. Franco yuko kila kona ya intaneti. Sisi tulimhifadhi Franco, tukamfuta ata.

Mwaka huu mama alikuwa anapanga sanduku akaiona ile kaseti. Akaniletea hadi mezani, akaiweka juu ya kibodi. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta?" akasema. "Haya. Mtoe mama yangu humo."

Kwanza, hii kampuni ni ya nani?

Mimi nina ugonjwa mmoja: siwezi kurekebisha kitu kabla sijajua kimetoka wapi. Kwa hiyo nikaanza kusoma.

Konosuke Matsushita alizaliwa 1894 katika mkoa wa Wakayama, Japani. Baba yake alipoteza mali, na mtoto akaacha shule akiwa na miaka tisa, akapelekwa Osaka kufanya kazi katika duka la majiko ya mkaa. Kutoka hapo akaenda duka la baiskeli, kisha kampuni ya umeme. Machi 7, 1918 alianzisha kampuni yake mwenyewe. Wafanyakazi walikuwa watatu: yeye, mkewe Mumeno, na shemeji yake Toshio Iue, ndugu mdogo wa mkewe. (Mshikeni huyo shemeji, tutamrudia.) Walitengeneza plagi na soketi za taa.

Mwaka 1923 akatengeneza taa ya baiskeli ya kutumia betri. Taa za betri za siku hizo ziliwaka saa mbili tatu zikazimika. Yake iliwaka saa 30 hadi 40. Wauzaji hawakuamini, na sikuwalaumu. Alichofanya ni kuacha taa madukani, moja ikiwa inawaka, ili mwenye duka ahesabu saa mwenyewe. Mwaka 1927 akatoa taa nyingine akaipa jina la National, na ili watu waijue akagawa taa 10,000 bure. Ndilo jina hilo lililoko hapa mezani kwangu.

Redio zilikuja 1930. Inasimuliwa kwamba redio yake mwenyewe iliharibika wakati anasubiri kipindi anachokipenda. Ujuzi wa redio hakuwa nao, kwa hiyo akaungana na kiwanda kilichokuwa kinazitengeneza, akaziuza kupitia maduka yake ya vifaa vya umeme. Zikaanza kurudi kwa wingi. Tatizo lilikuwa hili: wauzaji wa redio wa wakati ule walikuwa mafundi. Kabla ya kumpa mteja walikagua valvu na kukaza skrubu. Wauzaji wake walikuwa watu wa balbu na soketi. Redio isipolia, wanairudisha.

Wengi wetu tungesema, basi tafuta wauzaji wenye ujuzi. Yeye akasema tatizo ni redio, ibuniwe upya iwe haihitaji fundi kabla ya kuwashwa. Kazi akampa mhandisi wake Tetsujiro Nakao, na mwaka 1931 redio yao ya valvu tatu, R-31, ikashika nafasi ya kwanza katika shindano la shirika la utangazaji la Tokyo. Naandika hili nikijikumbusha mimi mwenyewe, kwa sababu mara ngapi nimemwambia mteja "tatizo ni wewe hujui kutumia"?

Mwaka 1932 akafanya jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Kulikuwa na hataza muhimu ya redio mikononi mwa mtu binafsi, na watengenezaji wote wa Japani walibanwa nayo. Matsushita aliinunua kwa fedha nyingi, kisha akaifungua itumike bure na yeyote, wakiwemo washindani wake. Ndugu zangu wa programu huria, mnasikia? Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Huyu aliyekuwa mtoto wa duka la baiskeli alifungua hataza miaka 51 kabla.

Maji ya mfereji

Mei 5 mwaka huo huo wa 1932 aliwakusanya wafanyakazi 168 katika ukumbi mmoja Osaka, akawaambia kazi ya mtengenezaji ni nini. Hoja yake ilikuwa hivi. Mpita njia akinywa maji kwenye mfereji wa mtu mwingine, hakuna anayemwita mwizi, ingawa maji yale yana gharama. Kwa nini? Kwa sababu ni mengi. Basi bidhaa zote ziwe hivyo, nyingi na rahisi kama maji ya mfereji, na umaskini utaisha. Akapanga mpango wa miaka 250 wa kulifikia hilo. Mnaonilaumu kwa kuchelewesha sehemu ya pili ya hifadhidata, zingatieni.

Niliposoma habari ya mfereji nilicheka peke yangu. Mzee huyu hakuwa amefika Turkana.

Kwetu Kanamkemer maji yalikuwa ni kwenda mtoni Turkwel, na kiangazi ni kufukua mchanga mpaka yatoke. Kakuma ni laga ya Tarach, ambayo ni mchanga mtupu siku nyingi za mwaka, na ndani ya kambi mfereji hufunguliwa kwa saa. Mitungi hupangwa foleni kabla jua halijachomoza, kila mmoja na alama yake. Nenda pale ukanywe kwa zamu ya mtu uone kama hutaitwa mwizi.

Lakini redio? Redio kwetu ilikuwa imeshakuwa kama yale maji ya Osaka. Unamkuta mchungaji ana fimbo, ana kiti chake cha mbao cha kulalia kichwa, na chini ya mti kuna redio inatoa taarifa ya habari ya KBC. Jirani akipita anakaa, anasikiliza, anaondoka, na hakuna anayemdai. Tatizo lilikuwa betri tu. Zikichoka unazianika juu ya bati, zipate joto, zikupe nusu saa nyingine. Zetu zilikuwa za Eveready kutoka Nakuru, zile zenye paka (kiwanda kile kilifungwa 2014). Wenzetu Tanzania walikuwa na betri za National zenyewe, kwa maana Matsushita alijenga kiwanda Dar es Salaam tangu miaka ya 1960.

Kwa hiyo Turkana redio ilifika kabla ya mfereji. Septemba 2013 serikali na UNESCO walitangaza kwamba chini ya ardhi yetu, huko Lotikipi, kuna hifadhi kubwa mno ya maji. Habari ilitufikia siku hiyo hiyo kwa redio. Maji yenyewe yalipopimwa baadaye yakaonekana yana chumvi nyingi.

Nimalize historia haraka. Jina la Panasonic lilianza 1955 kwenye spika zilizopelekwa Marekani, kwa kuwa huko jina la National lilikuwa limeshasajiliwa na wengine. Ndiyo maana redio yetu ina majina yote mawili kama mtu aliyebatizwa. Wapenzi wa muziki watawajua kwa jina la tatu, Technics: ile santuri ya SL-1200 ya 1972, ambayo mota yake inazungusha sahani moja kwa moja bila mpira, ndiyo iliyolea madijei wa dunia nzima. Matsushita alifariki 1989 akiwa na miaka 94. Mwaka 2008 kampuni ikaacha jina lake na jina la National, ikabaki Panasonic.

Na yule shemeji? Toshio Iue aliondoka baada ya vita, na mwaka 1947 akaanzisha kampuni yake. Akaiita Sanyo, maana yake bahari tatu: Pasifiki, Atlantiki na Hindi. Ilidumu hadi Panasonic ilipoimeza yote mwaka 2011. Nimewaambia mumshike kwa sababu redio ya yule mzee wa duka Kakuma, ambayo mjomba alikuwa akijibia barua, ilikuwa Sanyo. Barua za ata na mwanawe zilikuwa zikisafiri kati ya redio za mtu na shemeji yake.

Nilivyoshindwa

Kaseti yenyewe ni kazi ya Philips ya Uholanzi, 1963, nao wakaamua kuwaruhusu watengenezaji wengine kuitumia bure, ndiyo maana ilienea. Ndani yake kuna utepe wa plastiki wenye upana usiofika milimita nne, umepakwa unga wa chuma, unaopita mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Hedi ya kurekodi ni sumaku ya umeme, inauandika utepe kwa kufuata sauti. Kabla yake kuna hedi nyingine ya kufuta. Ukibonyeza kitufe chekundu, utepe unapita kwanza kwa mfutaji, ndipo unafika kwa mwandishi. Hakuna kuuliza "una uhakika?". Hakuna pipa la taka la kwenda kuokotea. Mpango wa ulinzi upo, ni vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti: ukivivunja, kitufe chekundu hakishuki. Vyetu havikuwa vimevunjwa. Tungevivunja vipi, na kaseti ilikuwa moja?

Niliifungua redio. Mpira unaotoa nguvu kwa mota kuzungusha utepe ulikuwa umeyeyuka kwa joto la Lodwar, umekuwa kama lami. Nikauondoa, nikaweka mpira wa kufungia noti. Ikazunguka, lakini sauti ya mjomba ilikuwa inayumba kama mtu aliyetoka kunywa busaa. Nikaunganisha waya kutoka tundu la spika ya masikioni hadi kwenye kompyuta, nikarekodi kwa Audacity, programu huria ya tangu 2000 ambayo bado inafanya kazi yake bila maringo. Dakika ya ishirini na kitu mpira wangu ukashindwa kuvuta, redio ikasimama. Sikujali. Nilikuwa nimepata nilichotaka, sauti ya mjomba, na nilikuwa nataka kitu kilichoko chini yake.

Kwa sababu nilisoma kwamba kufuta kwa redio za bei nafuu si kufuta kabisa. Hubaki mabaki. Nikajiambia, hii ni hesabu tu. Nikakaa wiki nzima naandika programu ya kuondoa sauti ya mjomba ili ibaki ya ata. Usiku wa nne nilidhani nimempata. Sekunde kama tatu kabla ya mjomba kuanza kuongea, ndani ya ule mvumo, kulikuwa na sauti ndogo sana, ya mbali, ya mtu anayesema kitu. Nikaipandisha. Nikaipandisha tena. Nilikuwa nimeshika mdomo.

Ilikuwa sauti ya mjomba mwenyewe. Utepe ukikaa miaka mingi umekunjwa, sumaku ya tabaka moja huambukiza tabaka linalogusana nalo, kwa hiyo unasikia neno kidogo kabla halijasemwa. Mafundi wanalijua jambo hili tangu zamani. Mimi nilikuwa nimempigia mama simu saa sita usiku.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Basi lala, baba." Ingekuwa afadhali anigombeze.

Kakuma

Nikaamua angalau kuitengeneza redio vizuri, ili tuwe na sauti ya mjomba isiyoyumba. Lodwar nilizunguka kwa mafundi watatu, wote ni wa simu. Mmoja akanielekeza Kakuma, sehemu ya Kakuma 1, kwa fundi Mkongomani aliyetoka Bukavu. Siku hizi barabara ni ya lami, unafika bado una nguvu za kusalimiana. Ndani ya matatu kulikuwa na redio, bila shaka. Lodwar unaipata Radio Akicha ya jimbo Katoliki, na ukikaribia Kakuma unaipata Ata Nayeche FM, iliyopewa jina la yule mama wa simulizi zetu aliyefuata nyayo za fahali hadi mto Tarach, na Waturkana wakatokea hapo. Nikaona ni sawa kabisa redio kuitwa ata.

Duka la fundi ni chumba cha mabati. Nje kuna sola na simu kama thelathini zinachajiwa, ndani kuna ukuta mzima wa redio zilizokufa.

"Karibu ndugu. Umeleta mzee gani huyo?"

"National, fundi. Mpira umeyeyuka."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akafungua, akanusa, akacheka. Akatoa kopo la maziwa la zamani lililojaa mipira aliyoitoa kwenye mashine zilizokufa, deki za video, printa, kila kitu. Akapima kwa uzi, akajaribu mmoja, akajaribu wa pili, wa tatu ukakaa. Akasafisha hedi kwa pamba na spiriti. Akaweka kaseti.

Mjomba akaongea. Hakuyumba hata kidogo. Lakini sauti yake ilikuwa nzito, kama mtu aliyejifunika blanketi. Mimi na kusoma kwangu nikajua sababu: hedi haijakaa sawa na utepe, na pembeni yake kuna skrubu ndogo ya kuirekebisha.

"Fundi, kaza kidogo hiyo skrubu, afunguke."

"Hapana." Akaweka bisibisi chini. "Kaseti hii imerekodiwa na mashine ngapi?"

"Mbili."

"Huyu anayezungumza alikuwa kwenye hii hapa?"

"Hapana. Huyu ni mjomba, alikuwa huku Kakuma, kwenye Sanyo. Kwenye hii alikuwa nyanya yangu."

"Basi. Kila hedi inaangalia upande wake. Hii imekaa vile ilivyokaa siku bibi yako alipozungumza. Nikiigeuza, mjomba atafunguka, bibi atafungwa."

"Bibi alifutwa, fundi. Mjomba alirekodi juu yake."

Akaniangalia. "Alijaza upande wote?"

Sikuwa na jibu.

"Ndugu yangu, mimi nimefungua kaseti nyingi za watu hapa kambini. Anayejibu haongei sana kama aliyeanza. Aliyeanza ni mama, ana mengi. Anayejibu ni kijana, betri zinaisha, ana kazi. Acha iende mpaka mwisho."

Tukaacha. Dakika 25 na sekunde 49 za mjomba: mshahara umechelewa, mvua haijanyesha, msalimie fulani, msalimie fulani, betri zinaisha, mama, nitakuja. Akaaga. Kishindo cha kitufe. Ukimya chini ya sekunde moja.

Halafu ata, katikati ya sentensi, na hakuna blanketi. Alikuwa wazi kama amekaa pale kwenye kiti cha fundi, kwa sababu alirekodiwa na hedi ile ile, ikiwa imekaa vile vile, na hakuna aliyeigusa tangu siku ile.

Zilikuwa dakika nne na sekunde kumi na moja. Hakusema jambo kubwa. Alimtajia mjomba mbuzi waliozaa, mmoja mmoja, kwa rangi. Alimwambia binti wa jirani ameolewa na mahari haijaisha kulipwa. Alisema watu fulani wamekuja wakaweka mfereji karibu na shule, siku ya kwanza maji yakatoka watoto wakaoga wote, siku ya pili ikatoka hewa tu, inafanya "shhh" kama mashine hii ikimaliza maneno. Akacheka mwenyewe. Kisha akasema, "Huyu mtoto wako amekaa hapa ameshika kidude ananitazama. Haya, mtoto, imekwisha?"

Na sauti nyembamba ya mtoto wa miaka kumi ikajibu, "Bado, ata. Endelea."

Akaendelea kidogo, salamu tu, mpaka utepe ukafika mwisho na kitufe kikaruka chenyewe.

Fundi alikuwa hajui Kiturkana hata neno moja. Alikaa kimya muda, akafunga redio skrubu moja moja. Nilipouliza bei akasema shilingi mia mbili za mpira. Za kusikiliza hatozi.

Jioni nilimpelekea mama. Alisikiliza mara moja, akaniambia nizime, akaenda nje. Baada ya muda akarudi akasema niwashe tena. Siku ya pili alinipigia mjomba, nikamuwekea simu kwenye spika. Kwa miaka yote hii alikuwa akijilaumu kwamba barua yake ya mwisho kwa mama yake ilikuwa fupi. Nilimwambia ufupi wake ndio uliotuachia ata. Hakujibu kwa muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika.

Kwa wenye kaseti nyumbani

Nimalizie kwa mambo ya kazi, maana najua wengine mmeruka hadi hapa:

1. Kabla ya lolote, vunja vile vijino viwili vya plastiki. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

2. Usiicheze kaseti kwenye mashine ambayo mpira wake umeyeyuka. Itaitafuna. Tafuta fundi wa zamani, bado wapo.

3. Kama mashine iliyorekodi bado ipo, tumia hiyo, na usiguse skrubu ya hedi kwanza. Rekodi hivyo ilivyo, ndipo ujaribu kurekebisha kwa ajili ya sauti zilizotoka kwenye mashine nyingine.

4. Hifadhi kwa WAV, si MP3. Faili la kwanza usilisafishe mvumo. Tengeneza nakala, safisha nakala.

5. Weka nakala tatu, na moja iwe nyumba nyingine au mji mwingine. Zangu ziko Lodwar, Kakuma kwa mjomba, na moja kwenye seva Ulaya.

6. Cheza pande zote mbili mpaka utepe uishe. Wakiaga usizime. Kukiwa kimya usizime.

Ile programu yangu ya wiki nzima nimeifuta. Hifadhidata sehemu ya pili inakuja wiki ijayo, na safari hii ni kweli. Tutaanza na nakala rudufu.